Miaka 30 bila bwana: Mkusanyiko wa The Ex na daftari la muziki wa kujitegemea

BENDI nyingi za muziki wa roki hutoa mkusanyiko wa nyimbo zao za zamani pumzi zinapoanza kuwaishia. Kampuni iliyowaajiri wanamuziki huchagua nyimbo 15 au 20 zilizouzwa zaidi, ikazifunga pamoja kwa jalada jipya na kuzirejesha sokoni. Mara nyingi waliozitunga hawaulizwi lolote, maadamu kanda asilia si mali yao.

Bendi ya The Ex kutoka Uholanzi ilipotimiza umri wa miaka 30 mnamo 2009, nayo ilitoa mkusanyiko: diski mbili zinazopitia safari yake yote tangu 1979. Hata hivyo, huo haukuwa mkusanyiko wa kawaida. Hapakuwepo kampuni kubwa iliyouagiza. Wala hapakuwepo nyimbo zilizotamba katika orodha za mauzo ambazo zingeweza kuitwa "bora" kwa kipimo cha soko. Rekodi zilikuwa mikononi mwa wanamuziki wenyewe, na jina lililoandikwa kwenye diski kama mchapishaji lilikuwa Ex Records, yaani lebo yao wenyewe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika muziki, anayeshika daftari ndiye anayeamua ni wimbo upi utakaokumbukwa na upi utakaosahauliwa. Historia ya The Ex, pamoja na mikusanyiko iliyotokana nayo, ni mfano wa nadra wa wanamuziki walioshika daftari hilo tangu siku ya kwanza. Ni historia inayofika pia Addis Ababa, Asmara na Kinshasa.

JINA LA KUANDIKWA UKUTANI

The Ex ilizaliwa mwaka 1979 katika eneo la kaskazini mwa Amsterdam, wimbi la muziki wa panki lilipokuwa limevuma kutoka Uingereza hadi bara Ulaya. Muziki huo ulikuwa na kanuni moja rahisi: mtu hahitaji ruhusa ya mwalimu, wala ya kampuni, ili apande jukwaani. Waanzilishi wa bendi walipiga kura ya vijiti ili kuamua nani angeshika chombo kipi. Jina nalo lilichaguliwa kwa sababu ya ufupi wake, kwa kuwa lingeweza kuandikwa ukutani kwa rangi ya kupuliza kabla ya askari kufika.

Miongoni mwa waanzilishi hao walikuwa mwimbaji aliyejulikana kwa jina la jukwaani G.W. Sok, na mpiga gitaa Terrie Hessels. Sok hakuwa mwimbaji wa sauti nyororo. Alitamka maneno yake kwa kasi na ukali, mithili ya mtu anayesoma tangazo hadharani kabla halijabanduliwa.

Mazingira yaliyoilea bendi hii ni muhimu kuyaelewa. Uholanzi ya wakati huo ilikabiliwa na uhaba mkubwa wa makazi mijini, ilhali majengo mengi yalisimama matupu. Vijana walianza kuhamia katika majengo hayo bila idhini ya wenyewe na kuyageuza kuwa makao, karakana na kumbi za muziki. Mnamo Aprili 30, 1980, siku ambayo Malkia Beatrix alitawazwa, mitaa ya Amsterdam ilikumbwa na ghasia kubwa huku waandamanaji wakidai nyumba. Ni katika mwaka uo huo ambapo The Ex ilitoa santuri yake ndogo ya kwanza, All Corpses Smell the Same, na albamu yake ya kwanza, Disturbing Domestic Peace.

Kumbi zilizoanzishwa katika majengo hayo ndizo zilizowapa wanamuziki hao jukwaa, wasikilizaji na njia ya kusambaza kazi zao pasipo kupitia kwa wakala yeyote. Sheria ya kupiga marufuku uvamizi wa majengo matupu ilianza kutekelezwa nchini humo Oktoba 1, 2010. Kufikia hapo bendi ilikuwa imetimiza zaidi ya miongo mitatu, na ilikuwa imekwisha kujijengea mizizi nje ya kumbi hizo.

SANTURI NDOGO, MAMBO MAKUBWA

Msomaji aliyezoea kupokea muziki kupitia simu huenda asijue uzito wa santuri ndogo ya inchi saba. Kila upande ulibeba wimbo mmoja au miwili, dakika chache tu. Gharama ya kuichapisha ilikuwa ndogo, hivyo bendi isiyo na fedha ingeweza kuitoa haraka, jambo likiwa bado linazungumzwa mitaani. Ilikuwa kama gazeti: inatoka leo kwa sababu ya habari ya leo.

The Ex iliitumia santuri hiyo hasa kwa namna ya gazeti. Mnamo 1983 ilitoa Dignity of Labour, kisanduku chenye santuri ndogo nne. Maudhui yake yalihusu kiwanda cha karatasi cha Van Gelder katika mji wa Wormer, ambako wanabendi walikuwa wakiishi. Kiwanda hicho kilikuwa kimefungwa na wafanyakazi wakaachwa bila kazi. Mwaka uliofuata, wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walipoanza mgomo wao mrefu wa 1984 hadi 1985, bendi hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizotumbuiza ili kuwachangia wagomaji.

Kazi iliyodhihirisha zaidi fikra ya bendi kuhusu kumbukumbu ilitoka mwaka 1986. Ilikuwa miaka 50 tangu kuzuka kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Uhispania. Bendi ilitoa santuri ndogo mbili zilizofungwa pamoja na kitabu cha picha chenye kurasa 144, kwa jina 1936, The Spanish Revolution. Picha hizo zilitoka katika hifadhi ya nyaraka za CNT, chama cha wafanyakazi wa Uhispania. Nyaraka hizo zilikuwa zimehamishwa ili zisiangamizwe na utawala wa Franco, na hatimaye zikawekwa katika Taasisi ya Kimataifa ya Historia ya Jamii jijini Amsterdam.

Hapo ndipo panapoonekana jambo ambalo wachambuzi wengi wa muziki wa roki hulipita haraka. Bendi ya vijana wa panki, waliodhaniwa kuwa watu wa kelele na kubomoa, ilikuwa imeingia katika maktaba, ikachambua picha na kuzichapisha ili zisipotee. Kitabu hicho kilichapishwa tena mwaka 1997, nyimbo zikiwa sasa kwenye diski ndogo badala ya santuri. Kwa hiyo, miaka mingi kabla ya kukusanya kazi zake yenyewe, The Ex ilikuwa imekwisha kujifunza ukusanyaji kupitia historia ya watu wengine.

KUTOKA KELELE HADI MAZUNGUMZO

Ingekuwa kosa kudhani kwamba bendi ilibaki pale pale ilipoanzia. Katherina Bornefeld alijiunga mwaka 1984 kama mpiga dramu, na mapigo yake yakabadilisha mwendo mzima wa muziki. Badala ya kukimbia moja kwa moja kama ilivyo desturi ya panki, dramu zake zilianza kuzunguka, zikitumia kengele za chuma na ngoma za chini zaidi kuliko matoazi. Msikilizaji wa Kiafrika hahitaji maelezo marefu kulitambua pigo la namna hiyo, linalorudi kule lilikotoka na kumwalika mtu acheze.

Albamu Joggers and Smoggers ya 1989 ilifungua milango kwa wageni wengi, wakiwemo wapiga gitaa Thurston Moore na Lee Ranaldo wa bendi ya Sonic Youth ya New York. Mwaka 1990 alijiunga mpiga gitaa Andy Moor, aliyetoka katika bendi ya Dog Faced Hermans iliyoanzia Edinburgh, Scotland. Tangu hapo magitaa mawili ya Terrie na Andy yakawa kama watu wawili wanaojibizana. Mmoja hukwaruza nyuzi, mwingine hujibu kwa sauti nzito, na hakuna anayejitenga ili kuonyesha ufundi wake peke yake.

Ushirikiano uliofungua ukurasa mpya kabisa ulikuwa ule wa mpiga sello Tom Cora, mwanamuziki wa New York aliyebobea katika muziki wa kubuni papo hapo. Pamoja naye bendi ilirekodi albamu mbili, Scrabbling at the Lock ya 1991 na And the Weathermen Shrug Their Shoulders ya 1993. Katika ile ya kwanza, Bornefeld aliimba wimbo wa jadi wa Hungaria kwa lugha ya Kihungaria, na ukawa miongoni mwa nyimbo za bendi zinazopendwa zaidi. Cora alifariki mwaka 1998.

Mwaka huo wa 1998 ndio pia uliotoka albamu Starters Alternators, iliyorekodiwa na fundi mashuhuri wa sauti Steve Albini wa Chicago. Albini, aliyefariki Mei 2024, alijulikana kwa msimamo wake kwamba kazi ya fundi ni kuinasa bendi jinsi inavyosikika chumbani, na wala si kuitengeneza upya. Alirekodi pia Dizzy Spells ya 2001 na Turn ya 2004. Albamu hizo tatu ndizo zilizowafikishia wasikilizaji wengi wa Marekani sauti ya bendi hiyo.

MKUSANYIKO WA KWANZA: NUKTA

Mwaka 2005, The Ex ilitoa mkusanyiko ulioitwa Singles. Period., wenye kijina cha pili kinachotaja miaka ya santuri kati ya 1980 na 1990. Jina lenyewe lina mchezo wa maneno. Neno hilo la pili humaanisha "kipindi", na katika Kiingereza cha Marekani humaanisha pia "nukta". Bendi ilikuwa ikisema kwamba hiki ni kipindi cha santuri ndogo, na hapa ndipo kilipokomea.

Umuhimu wa mkusanyiko huo unaeleweka mtu akikumbuka jinsi santuri hizo zilivyosambazwa. Zilichapishwa kwa idadi ndogo na kuuzwa mkono kwa mkono, kwenye maonyesho na katika maduka machache. Zilipokwisha zilikuwa zimekwisha. Miaka 20 baadaye, aliyetaka kuzisikia alilazimika kuzisaka kwa wakusanyaji waliozinunua kwa bei nafuu na kuziuza kwa bei ghali. Wimbo uliotungwa kwa ajili ya mfanyakazi aliyeachishwa kazi ulikuwa umegeuka kuwa pambo la tajiri.

Mkusanyiko uliziweka tena nyimbo hizo mahali pa kufikiwa na mtu wa kawaida. Akiusikiliza kwa mfululizo, mtu huisikia bendi ikijifunza. Mwanzoni vyombo vinagongana, sauti ya mwimbaji inashindana na gitaa, na rekodi zenyewe ni hafifu. Kadiri miaka inavyosonga, mapigo yanakaza na nafasi kati ya vyombo zinapanuka. Mhariri wa kampuni ya kibiashara pengine angeyaondoa makosa ya mwanzo. Wenye kazi waliyaacha, na kwa kufanya hivyo wakaacha ushahidi kwamba ustadi hupatikana kwa miaka ya kurudia.

LANGO LA AFRIKA

Sehemu ya safari hii inayomgusa zaidi msomaji wa ukanda wetu ilianza na mapenzi ya Terrie Hessels kwa muziki wa Ethiopia. Mnamo 2002 bendi ilizuru Ethiopia na kutumbuiza huko, jambo ambalo bendi chache za roki za Ulaya zilikuwa zimewahi kulifanya. Wakati huo Hessels alikuwa na lebo yake ndogo, Terp, ambayo baadaye ilikuja kuwa mlango wa wanamuziki kadhaa wa Kiafrika.

Mwaka 2004 Terp ilitoa albamu Selam ya Tsehaytu Beraki, mwimbaji na mpiga krar wa Eritrea aliyekuwa akiishi Uholanzi. Mwaka huo huo ilitoa Lubuaku, rekodi ya onyesho la Konono No. 1, kundi la Kinshasa lililoanzishwa na Mingiedi Mawangu. Kundi hilo lilijulikana kwa likembe zilizounganishwa na umeme kwa vifaa vya kujitengenezea, sumaku za magari mabovu zikiwa miongoni mwavyo. Mwaka 2006 ikafuata albamu Takkabel! ya Mohammed Jimmy Mohammed, mwimbaji kipofu wa Ethiopia aliyefariki mwishoni mwa mwaka huo.

Athari hizo ziliingia pia katika muziki wa The Ex yenyewe. Albamu Turn ina wimbo uliojengwa juu ya muziki wa Konono na mwingine uitwao Getatchew, jina ambalo muda si mrefu lingekuja kuwa na maana kubwa kwa bendi.

Getatchew Mekuria, aliyezaliwa mwaka 1935, alikuwa mmoja wa wapuliza saksafoni wakubwa kuwahi kutokea Ethiopia. Alipitia orkesta za taasisi za dola jijini Addis Ababa, zikiwemo ile ya Jumba la Maonyesho la Haile Selassie na ile ya polisi. Alijipatia sifa kwa kuihamisha shellela, tenzi ya kivita inayoghaniwa na mashujaa kabla ya mapambano, kutoka kinywani hadi kwenye saksafoni. Alipopanda jukwaani alivaa vazi la shujaa na kofia ya manyoya ya simba.

Albamu yake mashuhuri ilitolewa na Philips ya Ethiopia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mnamo 1974 utawala wa kijeshi wa Derg ulitwaa madaraka, amri za kutotoka nje usiku zikaua maisha ya kumbi, na muziki huo ukafifia. Ilipofika 2003 ndipo albamu hiyo ilipotolewa upya, nayo ikatolewa na kampuni ya Buda Musique ya Paris, kama toleo la 14 katika mfululizo wa Éthiopiques. Kwa takriban miaka 30, kazi ya gwiji huyo ilikuwa haipatikani kwa urahisi, na mlango ulipofunguliwa ulifunguliwa kutoka nje.

Tofauti kati ya hali hizo mbili haihitaji kuelezwa kwa maneno mengi. Vijana wa Amsterdam waliokuwa na santuri za bei rahisi walimiliki kila dakika ya muziki wao. Mwanamuziki mahiri wa Addis Ababa, aliyekuwa akipuliza saksafoni miongo mitatu kabla ya The Ex kuanzishwa, hakuwa na uwezo huo.

Bendi ilipoadhimisha miaka 25 mnamo Novemba 2004, ilimwalika Getatchew jijini Amsterdam. Wengi wangetarajia mzee huyo atumbuize usiku mmoja, apigiwe makofi na kurejea nyumbani. Badala yake, yeye ndiye aliyewaomba The Ex wawe bendi yake katika albamu aliyotaka kuirekodi. Ombi hilo liligeuza ngazi: Wazungu hao wakawa waandamizi, na mzee wa Addis Ababa akawa kiongozi.

Matokeo yalikuwa Moa Anbessa ya 2006, jina linalomaanisha Simba Mshindi. Saksafoni ya Getatchew inatangulia kwa mtetemo mpana kama sauti ya mghani, huku magitaa ya Terrie na Andy yakikita nyuma yake na dramu za Bornefeld zikizunguka. Hapana anayejaribu kumfanya mzee awe wa kisasa, wala hapana anayejifanya Mwethiopia. Walizunguka pamoja katika kumbi nyingi za Ulaya, na mwaka 2008 wakatumbuiza katika viwanja vya Lincoln Center jijini New York. Albamu ya pili, Y'Anbessaw Tezeta, yaani kumbukumbu za simba, ilitoka mwaka 2012. Getatchew aliaga dunia Aprili 2016.

DISKI MBILI ZA MIAKA 30

Hayo yote ndiyo yaliyotangulia mkusanyiko wa 2009, na bila kuyajua mtu hawezi kuelewa kwa nini diski mbili hizo zilikuwa na uzito. Mwaka huo huo, G.W. Sok aliiaga bendi kwa hiari yake baada ya miaka 30. Kwa bendi ambayo mashairi yake mengi ya awali yalikuwa yametoka katika kalamu na kinywa cha mtu mmoja, kuondoka huko kungeweza kuwa mwisho.

Kwa hiyo mkusanyiko ulifanya kazi mbili kwa pamoja. Kwanza ulikuwa hesabu iliyotolewa kwa wasikilizaji: haya ndiyo tuliyoyafanya tangu tulipopiga kura ya vijiti. Pili ulikuwa mpaka. Enzi ya Sok ilihifadhiwa ikiwa kamili, ikiwa na mwanzo na mwisho, ili atakayekuja baada yake asilazimike kuiga sauti isiyo yake.

Sok naye aliandaa daftari lake. Mnamo 2011 mashairi yake ya kati ya 1979 na 2009 yalichapishwa kama kitabu, A Mix of Bricks & Valentines. Yakisomwa bila gitaa wala dramu, mashairi hayo yanaonyesha jinsi hasira ya kijana ilivyogeuka polepole kuwa kejeli ya mtu mzima, ingawa shabaha ilibaki ile ile: vita, ulafi na uongo wa wakubwa.

Nafasi yake ilichukuliwa na Arnold de Boer, mwimbaji na mpiga gitaa aliyejulikana kwa kazi zake chini ya jina Zea. Yeye pia ana uhusiano wa karibu na muziki wa Afrika, kwani lebo yake ya Makkum imetoa kazi za King Ayisoba, mpiga kologo kutoka kaskazini mwa Ghana. Kwa kuwa mpiga besi wa mwisho alikuwa ameondoka mwaka 2005, bendi iliendelea kwa magitaa matatu na dramu, bila besi, mpangilio ambao wanamuziki wengi wa roki wangeuona kuwa nyumba isiyo na msingi.

BAADA YA HESABU

Hatari ya mkusanyiko wowote ni kuwa kiti cha uvivu. Bendi ikigundua kwamba watu wako tayari kulipa ili wasikie nyimbo za zamani, huacha kutunga mpya. Miaka inapita, na wanamuziki wanageuka kuwa waigizaji wa ujana wao wenyewe.

The Ex ilikataa njia hiyo. Desturi yake ni kutunga nyimbo mpya, kuzipeleka jukwaani ziive mbele ya watu, kisha kuzirekodi na kuanza nyingine. Baada ya mkusanyiko ilitoa Catch My Shoe mwaka 2010, albamu ya kwanza akiwa na de Boer. Mwaka 2013 ilitoa Enormous Door, ikiwa na wapuliza ala za upepo waliojulikana pamoja kama Brass Unbound. Mnamo 2018 ikafuata 27 Passports, na mnamo 2025 ikatoa If Your Mirror Breaks.

Katikati ya kazi hizo, bendi ilirudi tena kabatini. Mwaka 2015 ilitoa At Bimhuis, diski mbili za maonyesho yaliyofanyika kati ya 1991 na 2015 katika ukumbi mashuhuri wa jazi jijini Amsterdam. Mkusanyiko huu haukuwa wa nyimbo zilizotungwa bali wa muziki uliobuniwa papo hapo pamoja na wageni. Ulihifadhi upande wa bendi ambao albamu za studio hazingeweza kuuonyesha.

Hivyo basi, The Ex ina mikusanyiko mitatu inayojibu maswali matatu tofauti. Ule wa 2005 unaeleza bendi ilianzaje. Ule wa 2009 unaeleza ilifika wapi ikiwa na mwimbaji wake wa kwanza. Ule wa 2015 unaeleza ilijifunza kwa nani.

MSIKILIZAJI AANZIE WAPI

Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki ambaye hajawahi kuisikia bendi hii, kuanza na santuri za 1980 kunaweza kuwa kama kunywa kahawa chungu bila kashata. Njia nyepesi zaidi ni kuanza na Moa Anbessa, ambayo mapigo na mizani yake si mageni kwa sikio la ukanda huu. Kutoka hapo anaweza kupanda hadi Turn, asikie jinsi likembe za Kinshasa zilivyogeuzwa kuwa magitaa ya Amsterdam. Ndipo sasa achukue diski mbili za 2009 na kusikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa mfululizo, badala ya kuchagua wimbo mmoja mmoja.

Akifanya hivyo, ataona kwamba nyimbo za mwanzo zilizoonekana kuwa kelele tupu zilikuwa tayari zimebeba mbegu ya yale aliyoyapenda katika Moa Anbessa. Mwendo wa dramu unaozunguka, magitaa yanayojibizana na sauti inayoghani badala ya kuimba vimo humo tangu zamani, vikisubiri kukomaa.

Kwa wanamuziki wenyewe, funzo la The Ex ni la kivitendo zaidi. Bendi hii haikuwa tajiri na haikuwa na mawakili. Ilichokuwa nacho ni uamuzi, uliofanywa mapema, wa kutouza kanda zake, kuandika tarehe na majina ya waliopiga, na kuhifadhi kila kitu pamoja. Uamuzi huo haukuwa na faida ya haraka mwaka 1980, wakati kila santuri ilipouzwa ili kulipia ile iliyofuata. Faida yake ilionekana robo karne baadaye, bendi ilipofungua kabati na kukuta kazi zake zote ziko humo, na hakuna mtu wa kuombwa ruhusa.